Mivinje Iliyobaki Nje ya Picha

Fagio la Bibi Somoe lilikuwa tayari tangu juzi. Alizichagua chelewa moja moja kwa kupapasa, akazifunga kwa ukindu, kisha akaliegemeza nyuma ya mlango wa chumba chake na kukataza mtu yeyote asilitumie. Lilikuwa na kazi moja tu: kufagia kaburi la mama yake, katika kisiwa kidogo penye mlango wa Mto Ruvuma, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Watu wa kwao hufanya hivyo kila mwisho wa Shaabani. Lakini mwaka huu haukufanana na iliyotangulia. Macho ya Bibi Somoe yalikuwa yamebakiwa na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia ua wa jirani kupitia ufa wa mlango. Daktari aliiita presha ya macho, akasema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki hakina dhamana ya mwaka. Kisiwa nacho kilikuwa kikiliwa na mto, hatua kumi masika haya, ishirini masika yale, hata makaburi ambayo zamani yalikuwa katikati sasa yalikaribia ukingo.

"Mimi na kile kisiwa tunashindana kufumba," alisema bibi huku akicheka, na hakuna aliyecheka naye.

Mjukuu wake Zuhura alikuwa amerudi Naliendele kwa likizo fupi ya chuo. Yeye ndiye aliyekuwa somo wa mwanamke aliyelala kaburini kule, kwa kuwa alipozaliwa alipewa jina la mama wa bibi yake. Kwa sababu hiyo bibi alimwita "mama" siku alizokuwa na upole, na "mke mwenza" siku za utani. Zuhura aliyapenda majina yote mawili. Ila likizo hii alikuja na jambo lake pia.

Chama cha wapiga picha cha wanafunzi kilikuwa kinaandaa maonyesho jijini Dar es Salaam, na mada iliyotangazwa ilikuwa anga za jangwa. Wenzake walikuwa wakilalamika kwamba nchi hii haina jangwa la kufikika kwa nauli ya mwanafunzi. Zuhura hakulalamika. Aliukumbuka uwanda mweupe ulio njiani kuelekea kisiwa cha bibi, mchanga mtupu uliochanganyika na chumvi, usioota hata ukoka, ambao masika yakikaribia hufunikwa na mawingu makubwa yanayopanda kutoka ng'ambo ya Msumbiji. Alichoka kuulizwa chuoni kama Mtwara kuna kitu kingine zaidi ya korosho na gesi. Aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba picha moja iliyopigwa vizuri ingewafumba midomo wote. Aliazima kamera ya chama, lenzi mbili na stendi ya miguu mitatu, akavifunga kwa khanga ili vumbi lisiingie.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba yake, Hashimu, ambaye kazi yake ni kubebesha miche ya mikorosho, yaani kuunga kikonyo cha mkorosho bora juu ya mche, ndiye aliyeendesha pikapu. Bibi alikaa mbele na fagio lake mapajani, chupa ya marashi na kifuko cha ubani vikiwa ndani ya mkoba wa ukili. Zuhura na mama yake, Mwajuma, walikaa nyuma juu ya godoro kuukuu, katikati yao sufuria ya mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai.

"Huo mzigo wako una miguu mitatu," mama alisema, akiipapasa stendi. "Ukikimbia utaukamata?"

"Mama, hiyo ni ya kuituliza kamera isitikisike."

"Basi ungeniletea na mimi moja. Barabara hii baba yako anatupepeta kama mtama."

Walipita Madimba jua likiwa limepanda kidogo. Kutoka hapo barabara ikawa njia, na njia ikawa alama mbili za magurudumu kwenye mchanga. Hewa ilikuwa nzito. Upande wa kusini wingu jeusi lilianza kuinuka, likipanda juu na kutanuka kichwani kama uyoga, na jua la asubuhi likalipiga ubavuni hata likang'aa rangi ya shaba. Zuhura alisimama nyuma ya pikapu, akashika bomba la kichwa cha gari.

Saa tatu kasorobo wakatokea uwandani. Aligonga paa kwa kiganja.

"Baba! Baba, simama kidogo!"

Hashimu alisimamisha gari. Bibi Somoe aliuliza kama wamefika.

"Bado, bibi. Ni dakika kumi tu, nipige picha. Tazama mbingu ile."

"Mbingu naitazamia wapi, mke mwenza? Nina tundu moja, nimeliweka akiba." Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Twende kwanza kwa mama. Tukirudi utapiga picha mpaka kidole kiote sugu."

"Mawingu hayangoji, bibi. Tukirudi yatakuwa yameshatawanyika, hayarudi tena haya."

"Na maji je? Maji ndiyo yanayorudi."

Zuhura alishuka na simu yake mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa hoja hiyo. Kisiwa kimetengwa na bara kwa mkono mmoja wa mto, na mkono huo hukauka wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa sana mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Yeye alikuwa ametafuta saa za maji ya Mtwara tangu usiku uliopita na kuziandika.

"Maji yanakupwa kabisa saa nne na robo, bibi. Hapa mpaka mkononi ni mwendo wa robo saa. Tukivuka saa nne tutakuwa na saa nzima ya kukaa. Nimepiga hesabu."

"Hizo saa za wapi?"

"Za bandarini."

"Bandari haina mto unaoisukuma mgongoni," bibi alisema. "Huku kwetu, ntoto wangu, mtu huvuka maji yangali yakitoka, na hurudi yanaposimama. Hakuna anayengoja yasimame ndipo avuke. Na juu kule mvua imenyesha wiki nzima; maji yake yakishuka, nkono unajaa kabla ya hizo saa zako."

Zuhura alimtazama baba yake. Baadaye, kila alipoirudia asubuhi ile, alikwama hapo, katika mtazamo ule aliomtupia baba akijua fika atakachojibu. Hashimu hakuwa amevuka darasa la saba. Binti anayesoma chuo kikuu, anayezungumza kwa saa na hesabu, alikuwa kwake fahari ambayo hakuthubutu kuizuia.

"Mama, tumwache," alimwambia bibi kwa upole. "Ni masomo yake. Dakika kumi hazitatuua."

Bibi aliliweka sawa fagio mapajani.

Dakika kumi zilikwisha kabla stendi haijasimama vizuri. Zuhura alipiga picha ya kwanza kwa haraka, ya kupimia mwanga, akaiangalia na kuikataa. Upande wa kushoto wa picha ile, mbali kabisa, ilionekana mivinje mitano ya kisiwani, na chini yake mstari wa mikoko. Jangwani hakuna mivinje. Alizungusha kamera kulia mpaka miti ikatoka. Sasa ukaonekana mstari mwembamba wa maji uking'aa. Akainamisha stendi hata maji nayo yakatoweka. Kisha mama yake alipita mbele akiwa na kikombe cha chai.

"Mama, naomba upishe! Jangwani hakuna watu."

"Haya, nimekwisha kufa kwa kiu, nimezikwa," Mwajuma alijibu, akarudi nyuma ya gari.

Vikabaki vitu viwili tu: mchanga mwembamba chini, na mbingu. Na mbingu ile, lazima isemwe kweli, ilikuwa ya ajabu. Wingu lilipasuka katikati na miale ya jua ikashuka kwa mafungu, ikitembea juu ya uwanda kama watu warefu wanaotafuta kitu kilichowapotea. Mvua ilining'inia mbali bila kugusa ardhi. Kila alipodhani amepata, rangi ilibadilika kuwa bora zaidi. Alisikia sauti ya baba ikimwita mara ya kwanza, akajibu "Naja". Mara ya pili akajibu vilevile. Mara ya tatu ilikuwa honi ya gari, na honi hiyo haikupigwa na baba. Bibi Somoe alikuwa ameupapasa usukani mpaka akaipata.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Walipofika kwenye mkono wa mto, Zuhura aliruka kabla gari halijasimama. Hakukuwa na mchanga mkavu. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakipita kwa kasi kutoka juu, yamebeba majani na vijiti, na kutoka upande wa bahari mawimbi madogo yalikuwa yakiyapokea. Ng'ambo, hatua kama mia mbili, mivinje mitano ilisimama, mmoja umeinama kuelekea majini.

"Bado kuna dakika kumi kabla ya kupwa," alisema, akiitazama simu kana kwamba ndiyo iliyokuwa na kosa. "Hayawezi kuwa yanajaa sasa."

Bibi Somoe alikwisha kuvua kandambili. Alikunja khanga yake mpaka juu ya magoti, akalishika fagio kwa mkono mmoja na bega la mwanawe kwa mkono mwingine, wakaingia. Maji yalifika kwenye vifundo, yakafika kwenye magoti. Hatua kadhaa mbele yakafika mapajani mwa Hashimu, na bibi, aliyekuwa mfupi, akayumba. Fagio liligusa maji.

"Mama, turudi."

"Ninyanyue tu, nibebe."

"Nikikubeba tutaanguka wote. Mama, nakuomba."

Walisimama pale kwa muda, mtu na mama yake, maji yakiwasukuma. Kisha bibi akageuka. Alipofika nchi kavu hakukaripia. Zuhura alitamani akaripiwe. Mama yake alimtandikia bibi khanga mchangani, na bibi akakaa akielekea ng'ambo, akasoma Yasini kwa sauti ya chini, akimwaga marashi kidogo kidogo katika maji yaliyokuwa yakipita, ingawa maji yale hayakuwa yakielekea kisiwani bali baharini.

Alipomaliza aliita, "Mama."

Zuhura alikuja, akapiga magoti kando yake.

"Wewe ndiye mwenye macho. Kutoka nvinje mkubwa, kaburi la tatu, lina jiwe la tumbawe kichwani. Lingali limesimama? Au nto umeshalilaza?"

Zuhura alikodoa macho. Aliona miti, aliona weupe chini ya miti, na zaidi ya hapo hakuona kitu. Akakimbilia kamera. Lenzi ndefu ingelivuta jiwe lile mpaka miguuni mwake. Aliifunga kwenye kamera, akabonyeza, na kioo kikabaki cheusi. Alibonyeza tena. Betri ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameitumia yote kwa mbingu, na ya akiba alikuwa ameiacha mezani Naliendele ikichajiwa.

"Niambie, mama," bibi alirudia.

"Limesimama, bibi," Zuhura alisema. "Limesimama sawasawa."

"Alhamdulillahi," bibi alisema, akaomba ashikwe mkono arudi garini.

Mwezi uliandama siku iliyofuata, na mto ukazidi kujaa. Hakukuwa na nafasi ya kurudi kabla ya bamvua ya mwezi mpevu, na kabla ya bamvua hiyo masika yalikuwa yamekolea, njia imekatika, na Zuhura amekwisha kupanda basi la Dar es Salaam.

Picha yake ilitundikwa katikati ya ukumbi. Watu walisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko walivyosimama mbele ya nyingine. Chini yake kulikuwa na neno moja, Jangwa, alilolichagua mwenyewe. Mhadhiri mmoja alimuuliza ni jangwa gani, na yeye akajibu, "Kusini," akatabasamu, akaachia hapo. Alikuwa amekusudia kuwaonyesha watu Mtwara. Sasa walikuwa wakiitazama Mtwara bila kujua, kwa sababu yeye aliondoa kila kitu ambacho kingewajulisha.

Siku ya tatu ya maonyesho baba yake alipiga simu.

"Nimepata habari za kule mlangoni mwa mto," alisema, baada ya kumsalimu na kumuuliza habari za masomo. "Maji yalikata usiku wa Jumanne. Kisiwa hakipo, mwanangu."

"Hakipo kivipi, baba?"

"Watu wanasema limebaki fungu tu la mchanga, linaonekana maji yakikupwa. Mivinje yote imekwenda."

"Bibi anajua?"

"Anajua. Hajalia. Amesema, wewe ulipiga picha nyingi siku ile. Ukija umletee moja ya pale pa mama yake."

Usiku ule na siku mbili zilizofuata, Zuhura alizipitia picha zote. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Alizipekua kwanza kwa haraka, kisha moja moja, akikuza kila kona kama mtu anayepepeta mchele akitafuta pete. Mbingu, mbingu, mbingu. Aliufahamu kila mkunjo wa wingu lile, na hakukuwa na mvinje hata mmoja. Alikuwa mwangalifu mno siku ile. Mwisho aliikumbuka picha ya kwanza kabisa, ile ya kupimia mwanga, aliyoikataa. Aliikuta katika folda ya takataka. Ilikuwa na ukungu, imepinda, na katika ukingo wake wa kushoto mivinje mitano ilisimama, midogo kama kope. Jiwe halikuonekana, wala kaburi. Alikwenda kuichapisha katika karatasi kubwa kadiri mashine ilivyoweza, na kadiri ilivyokuzwa ndivyo miti ilivyogeuka kuwa vumbi la kijivu.

Kabla ya kusafiri alipita ukumbini, akaiteremsha ile picha ya Jangwa siku nne kabla ya maonyesho kufungwa. Mwenyekiti wa chama alimshangaa. Zuhura alimwambia kwamba si picha ya kweli, na alipoulizwa ina uongo gani, akaitia kwapani, akatoka.

Bibi Somoe alikuwa ameketi barazani Naliendele aliposikia hatua zake. Aliinua uso, lakini haukuelekea penyewe. Ulipita kando kidogo ya Zuhura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Umekonda, hata hatua zako zimekonda. Dar hawali?"

Zuhura alijaribu kucheka. Alikaa mkekani, akatandaza karatasi mapajani mwa bibi, akieleza upesi kwamba haikutoka vizuri, kwamba ni ndogo, kwamba mbali.

"Nionyeshe," bibi alisema, na alipohisi mjukuu wake hajui afanye nini, akamnyooshea kidole. "Kiweke pale."

Zuhura alikishika kidole kile chenye sugu, akakiweka penye kope zile tano.

"Hapa ndipo pa mama?"

"Ndipo, bibi."

"Na jiwe?"

Angeweza kulisema tena neno lile, lilikuwa fupi, na hapakuwa na mtu duniani wa kulithibitisha wala kulikanusha.

"Sikuliona jiwe," alisema. "Siku ile sikuliona, bibi. Nilikudanganya. Kamera ilikuwa imezimika, na macho yangu hayakufika. Ungetangulia kuvuka kama ulivyosema, ungelishika kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Kuku alipita, akadonoa ukingo wa mkeka, akaenda zake.

"Nilijua," bibi alisema. "Mtu aliyeliona jiwe hasemi upesi vile. Angesema lina ukungu, angesema limeegemea huku. Wewe ulisema tu limesimama sawasawa, na jiwe la mama halikusimama sawasawa hata siku tuliyoliweka."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe siku ileile. Kusamehe ni rahisi. Lakini Shaabani ijayo, utanipeleka wapi?"

Zuhura alitafuta la kusema katika yote aliyofundishwa, na maneno yote yalikuwa marefu kuliko swali.

"Niletee fagio," bibi alisema.

Lilikuwa palepale nyuma ya mlango, limefungwa kwa ukindu uleule, ncha zake kali kama siku lilipofungwa. Upande mmoja tu ulikuwa na doa la udongo mkavu wa Ruvuma. Bibi alilipokea, akaipapasa karatasi mpaka ukingoni, akaishusha juu ya mkeka. Kisha akainama na kuanza kufagia, taratibu, akianzia kichwani kuelekea miguuni, kama wanavyofagia watu wa kwao. Chelewa zilikwaruza rangi ya mbingu. Karatasi ilikuwa nyepesi, ikawa inateleza kila fagio lilipopita.

"Mama," bibi aliita bila kuinua kichwa, "ishikilie isiondoke."

Zuhura alipiga magoti, akaishikilia karatasi kwa mikono yote miwili.